Jicho la Kuanzia Kiondo

Kwanza mniambie ni nani aliyewadanganya kwamba mama anayejua kazi hasuki kiondo akikiangalia. Msiniambie ni mila. Aliyewaambia ni Kalekye, mwenyekiti wa kikundi chetu pale Tawa, naye aliambiwa na mamake, na wote wawili walijua si kweli. Mimi nimesuka tangu nikichunga mbuzi. Shule niliachia darasa la nne. Lakini kiondo nakijua, na siku hizi najua pia mambo ya jicho kuliko vile nilitaka kujua. Kwa hivyo ketini, wekeni simu chini. Nitataja watu kwa majina, na asiyependa kutajwa anajua nyumbani kwangu.

Nyinyi mlioingia kikundini juzi mnawaona akina mama wakienda sokoni, wakienda kanisani, kiondo kinaning'inia tumboni na mikono inafanya kazi njiani. Macho yanatunza mawe, mikono inatunza katani. Hiyo ni kweli, na ni tamu. Mnasalimiana, mnasengenya mtu kidogo, mnapanda kilima, na mkifika juu kiondo kimeongezeka upana wa kidole. Sikatai. Lakini hiyo ni katikati ya kiondo, mahali pa kuzunguka tu. Kitako hakianzwi hivyo. Kitako unakianza umeketi, nyuzi zimepishana, na uzi mwembamba unapita katikati yake mmoja mmoja, na kila ukizunguka lazima ujue ni wapi pa kuongeza uzi mwingine ndio kiwe duara. Ukiongeza mahali si pake, huoni kitu siku hiyo. Utaona kiondo kikishafika nusu, kimeegemea upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Dawa yake ni kufumua mpaka chini.

Sasa hapo ndipo uongo unaingia. Mama akionekana ameleta kiondo karibu na uso, wenzake wanasema ameisha, macho yameenda, asipewe tena kuanza. Kwa hivyo kila mtu anaanzia ndani, mlango umerudishwa. Susu yangu Syombua, nyanya aliyenifundisha, alikuwa anaketi nyuma ya ghala. Akisikia mtu anakohoa njiani anashusha mikono mpaka tumboni na kutazama milima kama mtu anayefikiria mvua. Nilikuwa nadhani anafikiria mvua. Nilipoanza kujifunza akaniambia, "Lete hapa karibu na pua, uone. Lakini ukisikia viatu, shusha." Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, kabla hata ya kusokota uzi pajani.

Nilikuja kuwa mwanzishi wa kikundi. Hiyo maana yake kila kiondo kizuri kilichotoka kwetu, mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Wengine walikuwa wanaleta katani, naanza kitako, wanaenda kumalizia kwao. Mtu akiolewa Tawa anaambiwa, nenda kwa Mama Ndinda akuanzie. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo, sina nyingine. Na ndiyo iliyochukuliwa.

Nilipovuka miaka arobaini mikono yangu ikawa mifupi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo unavyohisi. Unasogeza uzi mbali ili uuone, unasogeza tena, mpaka mkono umeisha na uzi bado haujaonekana. Nikaenda mji wa Salama kwa Musembi, yule aliyekuwa anauza miwani kando ya barabara kuu pamoja na betri na vifuniko vya simu. Musembi anapima macho kwa kitabu cha nyimbo. Anakuvalisha miwani, anakuambia soma.

Nikamwambia, "Mimi si mtu wa kusoma sana."

"Basi hesabu mistari."

"Kazi yangu ni kiondo. Huwa nakishika hapa karibu."

"Mama, macho ni macho," akasema. "Hii imewasaidia hata walimu."

Nikanunua ile ya walimu. Nikiketi na kitu magotini, ilinisaidia, siwezi kumnyima hiyo. Nikikileta karibu vile kazi ya kuanza inataka, kinapotea. Tena nikiinamisha kichwa miwani inateleza kwa jasho, na vumbi la katani linakaa juu yake kama unga. Siku moja nikasahau kuivua nikatoka nikitembea nayo, nikisuka. Ardhi ikainuka ikaja kunisalimia. Nikatua kwenye mtaro wa maji, kiondo juu ya kichwa, na mtu wa pikipiki akasimama kuniuliza kama nauza.

Halafu ikatokea kitu nikadhani nimebarikiwa. Macho yakarudi. Pole pole nikaanza kuona uzi bila miwani, karibu kabisa, kama zamani. Pasta akaniita mbele nishuhudie, nikashuhudia, watu wakapiga makofi. Miwani ya Musembi nikampa mbuzi achezee. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ilikuwa njia ya mtoto wa jicho kubisha hodi. Lenzi ya ndani ya jicho inapoanza kuharibika, kuna watu inawarudishia kuona karibu kwa muda mfupi. Ukishazoea, inakunyang'anya vyote, karibu na mbali. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ukungu umeingia. Nyeusi, zambarau na ile ya bluu iliyoiva zikawa rangi moja. Nikamwanzia mama mmoja kitako cha rangi ambazo hakuziomba, akanirudishia akisema rangi hii ni ya matanga.

Sasa nifike kwa wakosaji wakubwa.

Madaktari wa macho walikuja uwanja wa kanisa kutuangalia, ili wale wenye mtoto wa jicho wapelekwe hospitali. Aliyenishika mimi aliitwa Daktari Mutiso, kijana mpole, mwenye haraka. Akapima jicho kwa mashine, kwa taa, akapima urefu wake. Alipima kila kitu kilicho ndani ya jicho. Halafu akauliza, "Mama, kazi yako ni gani?"

Kabla sijafungua mdomo Kalekye akajibu. Alikuwa amesimama nyuma yangu kama mwenyekiti, akisemea kila mtu. Kiswahili mimi nakijua, lakini yeye hunisemea hata kwa Kikamba.

"Huyu ndiye msusi wetu, daktari. Huyu hata haangalii. Anasuka akitembea, anasuka gizani, anasuka akiomba."

Akina mama kwenye foleni wakacheka kwa kukubali.

"Haangalii kabisa?"

"Kuangalia ni kwa wale wanaojifunza," Kalekye akasema.

"Sawa. Basi tutampa lenzi ya mbali." Akaita mwingine.

Mniambie ningesema nini. Kikundi chote kiko pale, nimesifiwa mbele yao, halafu nigeuke niseme hapana, huwa nachungulia, na hata huyu mwenyekiti anachungulia? Hayo ndiyo makosa ambayo Mjaluo hawezi kufanya, wala Mzungu. Ni sisi Wakamba tu, na sifa zetu za kutoangalia. Kwa hivyo nawataja hapa. Wa kwanza ni Kalekye, aliyetaka sifa za kikundi zipite kwa jicho langu. Wa pili ni Daktari Mutiso, kwa sababu jicho lilikuwa langu na masikio akampa mwingine.

Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji. Sikusikia uchungu, msiogope hiyo. Bendeji ilipotoka nikaona milima ya Mbooni na miti juu yake, mti mmoja mmoja. Nikaona kuku wa jirani yangu ndani ya mboga zangu tangu mlangoni. Nikamwona Kalekye akija kutoka kule barabarani, nikapata nafasi ya kutokea nyuma. Jioni nikarudisha mlango, nikachukua katani, nikaketi kuanza. Hakukuwa na uzi. Mikono ilikuwa inaushika, naujua kwa vidole, lakini kwa jicho jipya palikuwa na moshi tu, na jicho la zamani nalo ni ukungu. Nikajaribu kwa vidole vitupu. Kile kitako kilitoka kama chapati ya mtu anayepika mara ya kwanza.

Kalekye alikuja akakigeuza geuza mkononi.

"Pumzika, Mama Ndinda," akasema. "Umefanya kazi."

Akapeleka kazi ya kuanza kwa bibi aliyeolewa na mtoto wake. Hivyo ndivyo nilivyostaafu mimi. Wengine wanafanyiwa chai na kupewa saa ya ukutani.

Dada yangu Mbula ameolewa Zombe, anauza ndengu pale sokoni. Aliniambia jicho la pili nisilipeleke tena kwa mdomo wa Kalekye, niende Kitui kwa miguu yangu. Nikalala kwake, nikaenda. Pale kliniki ya macho nikampata muuguzi anaitwa Sista Zuhura, wa familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kujibu.

"Dada, umekuja kwa jicho la pili," akasema. "La kwanza likoje?"

"La kwanza linaona milima."

"Alhamdulillahi."

"Mimi sisuki milima."

Akaweka kalamu chini. "Basi nieleze unasuka nini."

Nikamweleza yote, na Kalekye nikamtaja. Akasikiza mpaka mwisho, halafu akanieleza kile ambacho ningetaka kuelezwa mara ya kwanza, na mimi nawapa nyinyi vile vile. Lenzi uliyozaliwa nayo ukiwa kijana ni laini, inajivuta na kujirudisha, ndio maana nyinyi mnaona mlima na sindano bila kufikiria. Ukizeeka inakuwa ngumu, inakataa kujivuta, na karibu kunapotea. Ikizeeka zaidi inaingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Daktari anaitoa na kuweka ya kutengenezwa. Ile ya kutengenezwa haijivuti. Inaona vizuri pale ilipopangiwa, kwingine unasaidiwa na miwani.

"Wengi tunawawekea ya mbali, na si makosa," Sista akasema. "Mtu anaona njia, anaona gari, akitaka kusoma anavaa miwani. Wewe pia unaweza kufanya hivyo, tukupimie miwani ya kazi yako, si ya kitabu cha nyimbo."

"Na nyingine?"

"Kuna lenzi ya bei kubwa inayogawa mwanga, inaona mbali na karibu. Hapa hatunayo. Na wengine wakiwekewa wanaona duara kwenye taa, na mahali penye giza kidogo vitu vinafifia. Wewe unafanyia kazi wapi?"

"Ndani. Mlango umerudishwa."

Akanitazama kidogo. "Au tuweke jicho la kushoto liwe la karibu. La kulia litunze njia, la kushoto litunze mikono. Wako wanaozoea, wako wanaosumbuliwa na kizunguzungu, na kujua urefu wa ngazi kunapungua. Jicho lako limejaa ukungu, siwezi kukuonjesha kwanza ukajaribu. Na kuitoa tena lenzi si mchezo. Nenda ulale, ufikirie. Kesho uje na kazi yako, nipime umbali."

Sikulala. Mbula aliniambia nichukue miwani, niache mambo. Mimi niliona kile kitako cha chapati.

Asubuhi nikaenda na katani ndani ya mfuko. Benchi lilikuwa limejaa, wazee wenye jicho moja limefunikwa, akina mama wa Mutomo, wa Zombe, wote wanaojua kiondo ni nini. Sista akatoka na tepu ya fundi wa nguo, akasema, "Anza, dada, kama uko nyumbani."

Nikashika katani hapa tumboni, kama mtu anayetembea. Mikono ikaanza kucheza, macho yakaenda ukutani. Sista akaweka tepu kwenye shavu langu, akaivuta mpaka tumboni.

"Ndipo hapa huwa unashika?"

"Ndipo."

Hakuandika. Akainama kwa sikio langu. "Mimi nina tepu tu. Nikiandika tumboni, daktari ataweka lenzi ya tumboni, na hutairudisha wiki ijayo kama viatu. Nakuuliza tena. Hapa ndipo?"

Nikawatazama wale akina mama. Mmoja alikuwa na kiondo chake mwenyewe magotini, ameacha kusuka, ananingojea. Mnajua nilivyojisikia? Kama mtu ameambiwa avue nguo sokoni. Lakini nilikuwa nimeshawahi kunyamaza mara moja mbele ya watu, na nilikuwa naona milima kwa sababu hiyo.

Nikainua mikono. Nikaleta katani juu, juu tena, mpaka ikakaribia pua, vile Susu alinionyesha. Nikaanza kuvusha nyuzi.

Mzee mmoja mwenye jicho lililofungwa akasema, "Kumbe huwa mnachungulia. Na bibi yangu ameniambia miaka hii yote hakiangalii."

"Bibi yako anachungulia pia," nikamwambia. "Ndio maana anafunga mlango."

"Mimi nilidhani anakula nyama peke yake."

Watu wakacheka mpaka daktari akatoa kichwa nje. Yule mama mwenye kiondo hakucheka. Alikuwa anakunja chake, anakirudisha kwa mfuko pole pole. Sista akavuta tepu kutoka shavuni hadi vidoleni, ikawa fupi, kama urefu wa mkono wa mtoto wa kunyonya, akaandika. Akarudia kupima ili awe na uhakika.

Nisiwadanganye kama nilivyodanganywa. Wiki za kwanza baada ya jicho la kushoto kuwekewa lenzi ya karibu nilijuta. Nilikuwa namwaga chai kando ya kikombe. Nilikuwa nanyoosha mkono kushika mlango nashika hewa. Macho yalikuwa yanabishana, hili linavuta huku, lile linavuta kule, na kichwa katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Mbula akawa ananipikia bila kusema, "Nilikuambia," na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angesema. Baadaye, sijui ni siku gani, nikaona yamenyamaza. Nikitazama njia, la kulia linafanya kazi. Nikiinua katani, la kushoto linaamka. Niliona uzi. Niliona hata nywele ndogo ndogo za katani zinazosimama kando ya uzi, ambazo nilikuwa nimesahau ziko.

Na kuna nililopoteza. Kwenye njia ya mawe siwezi tena kusuka nikitembea, kwa sababu hatua za kuteremka zinanidanganya kina chake. Natembea nikiangalia miguu, mikono imeshika fimbo. Nilikuwa napenda sana ile kazi ya njiani. Sista aliniambia ingeweza kuwa hivyo, na mimi ndiye niliyechagua, kwa hivyo hapo sina wa kumtaja.

Nilirudi Tawa nikakaa kwangu kama mstaafu. Kikundi kilikuwa kimehamia nyuzi za plastiki, nene, za haraka, ambazo hata anayepapasa anaweza kuanza. Kisha wakapata watu waliotaka viondo vya zamani, vya katani nyembamba ya kusokota. Kalekye akaja. Akaweka vitako viwili juu ya meza yangu. Nikaviinua usoni mbele yake, sikurudisha mlango.

"Nani alianza hivi?"

"Bibi ya mtoto."

"Na nani alimfundisha aanze bila kuangalia?"

Akasema, "Tuanzie, Mama Ndinda. Kazi nzuri imekuja na inatoka mikononi."

"Nilistaafu. Wewe ndiye ulinistaafisha."

"Nilikuambia upumzike."

"Ulimwambia daktari siangalii."

"Nilikuwa nakusifu."

"Najua. Hiyo ndiyo inaniuma."

Nikamwambia kiondo cha kuuza sitasuka tena, hiyo kazi nimeiacha. Kuanza nitaanza, lakini sitaanzia ndani. Nitaanzia kwenye mkutano wa kikundi, nje, kwenye jua, na wasichana waketi mbele yangu waone mikono yangu iko wapi na macho yangu yako wapi.

Kalekye akatazama nje. "Watu watasema umezeeka."

"Nimezeeka."

"Watatusema na sisi wengine."

"Waseme."

Aliondoka bila kuniambia ndiyo. Siku ya mkutano nilienda na stuli yangu nikaiweka kando ya ukuta wa kanisa, upande wa barabara kwa sababu ndiko jua lilikuwa. Wasichana wakaketi. Kalekye akaleta katani akaniwekea magotini yeye mwenyewe, halafu hakwenda kuketi. Akina mama wa kikundi kingine walikuwa wanapita barabarani, wanatoka sokoni, viondo tumboni, wametazama mbele. Nikainua katani mpaka puani, nikatafuta mahali pa kuvusha uzi wa kwanza, na pakawa na giza. Kalekye alikuwa amekuja akasimama katikati yangu na barabara, ametandaza leso yake kama mtu anayejipepea, ili wale wasinione.

"Kalekye," nikamwambia, "sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

Akasogea.